Kitufe Kilichomfukuza Mama Mkwe

Kwa Msimamizi Mkuu wa Malalamiko,
Mchezo wa Mabonde ya Moto,
Popote Mlipo.

Kutoka kwa Mkuu wa Ukoo wa Hatushindwi Kirahisi,
Karakana ya Friji, mlango wa tatu baada ya mashine ya fotokopi.

YAHUSU: KITUFE CHENU, MAMA MKWE WANGU, NA MAWE MATATU YA UKUTA WA KASKAZINI

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, umeketi kwenye kiti kisichoyumba na mtandao wako haukatikikatiki. Sisi huku miili ni mizima. Kinachoumwa ni ukoo.

Kabla sijalalamika nijitambulishe, maana mtu anayelalamika bila kujulikana huonekana mbea tu. Mimi ni fundi wa friji, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Wateja wananiita Fundi Baridi, na ndilo jina ninalotumia mchezoni. Ninaongoza ukoo wa watu ishirini na wawili, ambao zamani walikuwa ishirini na watatu, na pengo hilo ndilo kiini cha barua hii. Wote ni ndugu, wa damu au wa ndoa, isipokuwa mmoja. Huyo aliingia siku moja bila kubisha hodi, anajiita Kivuli cha Saba, na anapigana kuliko sisi wote tukijumlishwa pamoja. Hatujawahi kumuuliza yeye ni nani, kwa kuogopa asije akagundua kwamba amekosea mlango akaondoka.

Ukuu wa ukoo sikuuomba. Shemeji yangu kinyozi, ambaye ndiye mwanzilishi, aliitisha kikao sebuleni kwetu Jumapili moja mchana, na mimi nikatoka nje mara moja kupokea simu ya mteja ambaye friji yake ilikuwa inanguruma. Niliporudi nilikuta nimeshachaguliwa kwa kauli moja. Tangu siku hiyo sipokei simu nikiwa nje ya kikao, hata friji ilipuke.

Ujue pia kwamba barua hii naiandika kwa agizo la ukoo mzima. Hoja zimejadiliwa moja moja, na shemeji ataisoma kwa sauti mbele ya wote kabla haijatumwa. Ukiona mahali nimeandika kwa ukali, ujue hapo walipiga makofi.

Sasa nikueleze huyu Mama Mkwe ni nani. Baba mkwe wangu alitutoka mwaka jana. Tangu hapo Mama Mkwe alikaa kwenye kiti cha dirishani, redio imezimwa, na ukimuuliza jambo anajibu “ndiyo” au “hapana”, tena mara nyingine “ndiyo” inakuja pale palipotakiwa “hapana”. Mke wangu anauza katika duka la dawa na anaamini kila maradhi yana kidonge chake, lakini kwa hili alikosa kidonge. Mwishowe akamwekea mchezo wenu kwenye simu. Alidhani mama yake atapenda kupanda maboga, kwa kuwa mchezo wenu una maboga mazuri. Wiki ya kwanza Mama alipanda maboga. Wiki ya pili aliuliza ile mashine ya kurusha mawe inapatikana wapi. Tulifurahi mno kusikia sentensi nzima, tukamjibu kwa pamoja: Mama, wewe pumzika, sisi tupo.

Na kweli tulikuwepo. Kijiji chake tulikiweka katikati, vyetu tukavizungushia nje ili adui asimfikie. Tulimpa jina la Mama wa Wote na cheo cha Mlezi wa Ukoo. Maboga yake tulimvunia sisi wenyewe, asichoke. Akiingia mchezoni, hata kama ni kuangalia saa tu, watu ishirini na wawili wanamsifu. Sidhani kama kuna mzee anayetunzwa hivyo katika mabonde yenu yote, na nimeangalia mengi.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mchezo wenu haujui nani mkubwa na nani mdogo.

Kila jioni ya msimu wa vita mnampa kila mwanaukoo nafasi ya kushambulia kijiji kimoja cha adui, kisha mnasema yeyote aanze. Yeyote nani? Kwetu sisi mdogo hamtangulii mkubwa, iwe mezani, iwe mlangoni, iwe vitani. Kwa hiyo wote tunamsubiri Shangazi wa mke wangu, ambaye ndiye mkubwa anayepigana. Shangazi hushambulia akishapata miwani yake, na miwani yake hupatikana muda wa vita ukiwa umebaki dakika tano. Katika dakika hizo tano watu ishirini huingia vitani kwa mkupuo, simu zinaganda, na tunashindwa.

Halafu kuna suala la kuomba askari. Mmeruhusu mwanaukoo kuomba askari kwa wenzake. Wema wenu tunauona, ila hamkufikiria kwamba mkubwa akiomba hakataliwi. Shangazi aliomba wapiga mishale sitini. Tulimpa, tukabaki watupu. Amewapanga mistari miwili kutoka getini mpaka mlangoni pake, kwa sababu anasema nguo zao za kijani zinapendeza na maua. Hawajawahi kurusha mshale hata mmoja, na nani atamwambia?

2. Kitufe.

Mkuu wa ukoo akigusa jina la mwanaukoo, vinatokea vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa MSIFU, kingine kimeandikwa MFUKUZE. Vyote ni vya kijani, vyote vina ukubwa mmoja, na kati yake pana nafasi ya kupita punje ya mchele, tena ipite kiubavu.

Jumamosi wiki tatu zilizopita nilikuwa nimefungua friza la mwenye bucha. Yeye mwenyewe amenisimamia kichwani akinikumbusha kila dakika kwamba nyama haina subira. Mkono wa kushoto umeshika kompresa, wa kulia umejaa mafuta, na simu iko juu ya kopo la gundi. Ikalia kunijulisha kwamba Mama Mkwe ameingia mchezoni. Wewe ungefanya nini? Nikanyoosha kidole gumba nimsifu, kama ninavyomsifu kila siku.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wahenga hawakuwahi kushika kompresa. Kidole kiliteleza, na mimi nikaanguka.

Hapa naomba usome polepole. Siku nilipotaka kung'oa mti mmoja mkavu kijijini kwangu, mchezo wenu uliniuliza, “Una hakika?” Nikasema ndiyo. Ukaniuliza tena, “Una hakika kabisa? Mti huu hautarudi.” Mti! Lakini kumtoa mama aliyemzaa mke wangu, hamkuniuliza hata mara moja.

3. Tangazo.

Ingekuwa ametoka kimyakimya ningemrudisha kabla mtu hajajua. Nyinyi mkapiga tarumbeta. Tarumbeta hiyo ililia kwenye simu zote za ukoo kwa wakati mmoja, na maneno mekundu yakapita kwenye skrini kutoka upande mmoja mpaka mwingine, taratibu kana kwamba yamelipiwa:

FUNDI BARIDI AMEMFUKUZA MAMA WA WOTE. SABABU: HANA MCHANGO.

Hiyo sababu sikuiandika mimi. Mashine yenu inajaza yenyewe sababu ya kwanza kwenye orodha pale mkuu anapokuwa hajachagua. Hana mchango! Mama aliyewazaa saba katika ukoo huu na kuwabeba mgongoni wengine tisa.

Tarumbeta ilipolia dukani, mke wangu alikuwa anampimia mtu dawa ya kikohozi, akaimwaga kaunta nzima. Kwenye kibanda chake cha kunyolea, shemeji alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja, akatoka barabarani na mashine mkononi kunitafuta. Mteja naye akamfuata nyuma, akidai nusu yake ya pili. Shangazi alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho. Yeye hakuona maneno kwa kuwa hakuwa na miwani, akawaomba watu wa foleni wamsomee. Wakamsomea. Foleni nzima ikasimama upande wa Mama.

Jioni niliporudi nyumbani, mke wangu alinisomea tangazo lile kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, mwanzo hadi mwisho, kisha akanitakia jioni njema na kuniachia ukumbi. Na tangazo halifutiki! Linakaa kwenye ukurasa wa ukoo siku tisini. Kila ninapoingia nalikuta pale pale, jekundu, na chini yake mmeongeza kwa furaha: UKOO WENU SASA UNA NAFASI MOJA.

4. Mlango wenu unafungwa upande mmoja tu.

Nilijaribu kumwalika tena dakika ile ile, kwa kidole safi. Sheria yenu ikanijibu kwamba aliyefukuzwa harudi katika ukoo wake mpaka msimu uishe. Kwa nini basi sheria hiyo hiyo haimkatazi kwenda kwa adui?

Nilikwenda kwake kesho yake kuomba radhi ana kwa ana. Nilivaa shati la mikono mirefu. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniuliza kama friza la mwenye bucha limepona. Nilipofika kwenye radhi yenyewe akasema, “Hamna neno, baba.” Ndugu Msimamizi, sijui kama umeoa. Kama umeoa, huhitaji kuelezwa uzito wa “hamna neno” ikitoka kwa mama wa mkeo. Nilimaliza chai ikiwa ya moto vile vile, nikaondoka kinyumenyume.

Jioni hiyo Mama wa Wote akaonekana katika ukoo wa Nyundo ya Chuma. Ndio hao hao tuliopangiwa kupambana nao msimu mzima! Hawamjui, hawajui umri wake, hawajui amezaa wangapi. Walimuuliza swali moja tu, anaweza nini. Akawajibu kwamba hajui bado. Wakampa ile mashine ya kurusha mawe na kumwambia ajaribu.

5. Ananishambulia mimi tu.

Wana vijiji ishirini na viwili vya kuchagua. Kila siku, saa moja kamili jioni, Mama anachagua changu. Siku ya kwanza alikuja na mazimwi manne ya mawe, mawili yakakwama kisimani, nikajua shambulio hilo halitafika mbali. Siku ya tatu hakuna kilichokwama. Siku ya tano alivunja mnara, zizi, kinu na nyumba ya mhunzi kwa dakika mbili na nusu, akapata nyota zote tatu. Shemeji, ambaye amecheza miaka minne, nyota tatu anazisikia kwa watu.

Linaloniuma zaidi ni ghala. Haligusi. Anavunja kila kitu kulizunguka na kuliacha limesimama peke yake na nafaka yote ndani. Mtu akikubomolea nyumba akakuachia chakula, hiyo si huruma. Anakukumbusha kwamba hapo ndipo anapokula binti yake.

6. Hatuwezi kumrudishia.

Tulikaa kikao kutafuta nani amshambulie. Mimi siwezi, ni mkwe. Mke wangu na ndugu zake hawawezi, hakuna anayeinua mkono kwa mama yake, hata kama mkono wenyewe ni wa zimwi. Wake za shemeji zangu walisema wao wana mambo yao mengine naye, wasiongezewe. Tukawatuma wajukuu, kwa kuwa mjukuu na bibi ni watani. Wajukuu watatu walifika getini kwake na askari mia mbili. Akawaandikia, “Mmekula?” Wakarudi.

Akabaki Kivuli cha Saba, asiyehusiana na yeyote. Alimshambulia kweli, na zilikuwa zimebaki sekunde ishirini amshinde, Shangazi alipomwandikia kwenye ukumbi wa mazungumzo kwamba hata kama hatujui kwao, bila shaka huko kwao kuna mama. Kivuli cha Saba akawageuza askari wake. Aliomba radhi mara tatu, na siku hizi naye anauliza kama Mama amekula.

Kwa hiyo katika mabonde yenu yote kipo kijiji kimoja ambacho hakijawahi kuguswa na hakitaguswa. Kinatupiga kila siku. Tulikuwa nafasi ya tano kutoka mwisho, nafasi yenye heshima zake. Sasa sisi ndio mwisho wenyewe, na tukishindwa Jumapili hii tutashushwa Daraja la Mabwawa, ambako nimeambiwa watu wanapigana na vyura.

7. Msaliti.

Hili ndilo lililopigiwa makofi marefu kuliko yote.

Mama Mkwe hapiti getini. Anapita ukuta wa kaskazini, nyuma ya kinu, mahali palipopungua mawe matatu. Pengo hilo kwa nje halionekani, kinu kimelikinga. Anayelijua ni mtu wa ndani tu. Shemeji aliponiambia usipoziba ufa utajenga ukuta, nilieleza kwa kirefu kwamba wajenzi wangu wako kwenye paa la ghala, kwamba mawe ya rangi ile hayapatikani, na kwamba kidole gumba bado kinaniuma. Shemeji hakutaka maneno. Kwa kuwa mchezo unamruhusu mwanaukoo kumsaidia mwenzake kujenga, aliyaweka mawe matatu yeye mwenyewe asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake.

Jioni hayakuwepo.

Akayaweka tena. Jioni hayakuwepo tena. Sasa ni wiki ya tatu anayaweka asubuhi, na kila siku, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, kuna mkono unayatoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya ukoo huu tumeikung'uta yote. Kikao kilimshuku Kivuli cha Saba. Alipoulizwa, alijibu kwamba si yeye, lakini kama ukoo unaona itasaidia kuwa ni yeye, basi yuko tayari kuwa yeye. Jibu hilo liliwagawa wanaukoo. Nusu wanasema hiyo ni dalili ya hatia, nusu wanasema huyu lazima atakuwa ndugu yetu kweli.

MAOMBI YETU

Kwa kuzingatia hayo yote, na kwa kuwa maji yametufika shingoni, ukoo unaomba:

(a) Tangazo jekundu lifutwe, na ipigwe tarumbeta nyingine ya kusema kwamba Mama ana mchango, mkubwa, tena wa muda mrefu.

(b) Mama Mkwe arudishwe kwetu kabla ya Jumapili, akitaka asitake, na kijiji chake kiwekwe katikati kama zamani, apumzike.

(c) Ikishindikana, kijiji chake kihamishiwe juu ya mlima ambako hakuna njia ya kushuka. Maboga tutampelekea.

(d) Ikishindikana hiyo nayo, aliyebuni vitufe vile viwili aje yeye mwenyewe, avae shati la mikono mirefu, aketi sebuleni kwa Mama Mkwe, anywe chai, na aambiwe “hamna neno” hadi aelewe.

(e) Mfungue vitabu vyenu mtutajie anayetoa mawe. Jina lake lipite kwenye simu zote kwa herufi nyekundu, taratibu, na sababu mashine ijaze yenyewe.

Tukikosa majibu ndani ya siku saba, ukoo umeazimia kuhama kwa pamoja kwenda mchezo mwingine, mara tu Shangazi atakapopata miwani.

Wasalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, ukianza na wakubwa. Msalimie anayechora majoka, mwambie mabawa ni mazuri. Msalimie anayepiga tarumbeta, mwambie tumemsikia. Mke wangu anakusalimu, shemeji anakusalimu, na mteja wake wa nusu kichwa pia anakusalimu, amekwisha kumalizwa. Shangazi anauliza kama kuna wapiga mishale wa rangi ya zambarau.

Ni mimi, ninayeshindwa lakini si kirahisi,

Fundi Baridi,
Mkuu wa Ukoo.

Nakala: Wanaukoo wote, pamoja na Kivuli cha Saba, popote alipo.

NYONGEZA (haikusomwa kikaoni, na nakala walizopewa wanaukoo zimeishia kwenye jina langu):

Ndugu Msimamizi, tafadhali usifungue vitabu. Ni mimi.

Siku ya kwanza pengo lilikuwa uzembe wangu wa kweli. Lile friza lilinikalia kooni, sikupata nafasi ya kuziba. Mama akapita, akavunja nusu ya kijiji, na saa moja na nusu simu ya mke wangu ikalia. Mimi nilikuwa jikoni naosha sahani. Mtu ambaye kwa miezi kumi na mmoja alikuwa na maneno mawili alizungumza dakika arobaini. Alieleza jinsi mazimwi mawili yalivyokwama kisimani na jinsi alivyozunguka na yale mengine nyuma ya kinu. Kisha akacheka. Nilizima bomba nisikie vizuri. Mke wangu alikuwa amekaa mezani, machozi yanamtoka, na kwa sauti kavu kabisa anasema, “Eeh mama, halafu?”

Kesho yake shemeji alileta mawe yake matatu. Saa kumi nilifunga mlango wa karakana, nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili ili safari hii kidole kisiteleze, nikayatoa. Naomba Kivuli cha Saba asilaumiwe. Nimemtumia askari arobaini bila kusema ni wa nini, naye ameshukuru bila kuuliza.

Siku zote hizi nilijiona mjanja, kwamba namchezesha mama wa watu bila yeye kujua. Jana, Mama alipomaliza kunivunja, aliacha ujumbe kwenye kifusi, kwa kuwa mchezo wenu unamruhusu mshindi maneno machache. Ulisema: “Baba, hayo mawe yarudishe. Mimi nitapita ninapotaka.”

Leo nimeyarudisha. Nikaongeza na safu ya pili, nikazungusha na handaki. Saa moja kamili amepita juu kwa ngazi, nyota tatu. Ghala limesimama.

Simu ilipolia akamwambia binti yake ampe mkuu wa ukoo. Tangu tangazo lile hajawahi kuniita mimi kwenye simu. Nilisimama. Nikaanza tena na radhi yangu, ile ya shati la mikono mirefu, akanikatiza. Akasema mashine yenu haikukosea, kule kwetu kweli hakuwa na mchango, maana hata boga hatukumwachia avune. Akasema tangu mzee aondoke kila mtu anamwambia apumzike, naye alikuwa amekwisha kupumzika hadi mifupa. Halafu akaniuliza kesho nitajenga nini, ajiandae.

Nimemwambia handaki la pili. Akacheka, nami nikacheka, na mke wangu akaninyang'anya simu ili asikie kinachochekwa.

Kwa hiyo maombi (a) hadi (e) yatupe. Jumapili tutashindwa, na vyura tutawazoea. Na kitufe kile, Ndugu Msimamizi, kiache hapo hapo kilipo.